Vitunguu vya Alhamisi

Kwa miaka mingi nimefundisha mgawanyiko wa seli pale Kilibula bila kuuona hata mara moja, maana shule haina mikroskope. Nachora ubaoni kromosomu zikijipanga katikati, kisha zikivutwa huku na huku, na darasa zima linaimba: profaze, metafaze, anafaze, telofaze. Linaimba vizuri kuliko kwaya ya parokia. Mwalimu mwenyewe naamini tu, kama wao.

Mwaka jana laborantini, mpimaji wa maabara wa kituo cha afya, alikubali kuniokoa.

"Weye leta vitu vyako Alhamisi, mwalimu. Lakini saa moja tu, mikroskope iko ya malaria."

Nilifurahi kama mtoto. Nikaweka vitunguu vitatu juu ya bilauri za maji vitoe mizizi, maana kwenye ncha za mizizi ndiko seli zinakogawanyika.

Wiki hiyohiyo mama mkwe alikuja kututembelea. Kwetu mkwe haamrishwi. Ningemwambia asiguse vitunguu, angeona namnyima chakula. Ilimpasa mke wangu kumweleza, naye akasahau. Basi nikanyamaza kwa adabu, na Jumatano jioni nikaandaliwa ndagala, wale dagaa wa ziwani, zilizoungwa vizuri sana.

"Vile vitunguu vilianza kuoza mu maji," mama mkwe alimwambia mke wangu kutoka jikoni, kwa sauti ya kunifikia mimi. "Minye nimeviokoa."

Nilishukuru. Niliomba hata kuongezewa.

Alikuwa amebakiza kimoja, kidogo kuliko vyote. Kesho yake kituoni, mbele ya wanafunzi wanne, tuliiponda ncha ya mzizi wake chini ya kioo, tukaitia rangi, nami nikatangulia kuchungulia kwa haki ya cheo. Seli zote nilizoziona zilikuwa zimetulia tuli. Ilikuwa interfaze, ile hatua ya maandalizi ambayo mimi huipitia kwa sentensi moja ili nifike kwenye uhondo. Kumbe huko ndiko seli inakomalizia karibu maisha yake yote. Nilitamani kulia.

Msichana mmoja, ambaye hajawahi kukariri hata mstari wa daftari langu, akasogeza kioo kidogo.

"Mwalimu, hapa ziko zinavutana!"

Kabla sijainama, laborantini alishakitoa kioo. Wenye homa walikuwa wamejaa mlangoni.

Nilimwonea wivu yule mtoto, sitaficha. Siku hizi somo hilo anachora yeye ubaoni. Mimi nakaa kwenye benchi lake, nanakili.