Mwanamke Niliyempigisha Magoti

Mwanangu, nisamehe mwandiko huu mbaya na herufi nitakazokosea. Shule niliishia ya msingi, naandika polepole, na mbele ya watu sijui kusema. Lakini hasira imenishikisha kalamu.

Nakumbuka siku za vita, hapa Kindu, nilipokuwa kijana wa kuchora picha juu ya mifuko ya unga. Mama mmoja aliyetoka Goma kuuza chumvi katika soko la mtaa wetu wa Kasuku alinielezea asubuhi nzima jinsi mlima wa moto ulivyoteremsha mto wa mawe mekundu hadi mtaani kwao. Aling'oa mlango wa nyumba, akaubeba kichwani, mtoto mgongoni. Moto ulipopoa, walivunja mawe yale yale, meusi sasa, wakajenga kwenye kiwanja kile kile, wakaurudisha mlango.

Mimi nikachora nini? Nilimchora yeye, sura yake kabisa, nusu uchi, amepiga magoti, analia. Picha za vilio, tablo kama tulivyoziita, zilinunuliwa haraka. Mwenye baa mmoja akaitundika ukutani.

Mama akaja kuiona.

"Weye kijana, huyu njo mimi?"

"Njo weye, mama."

"Na mulango yangu iko wapi?"

"Mulango haiuzishe tablo, mama."

Walevi wakacheka. "Mama Volkano, vaa nguo basi!"

Hakulia. Aliniambia, "Moto ilikula nyumba yangu, haikunivua nguo. Weye njo umenivua."

Jina lile likamfuata sokoni, hadi akakunja meza yake akahamia Punia. Nilimwomba mwenye baa anipe picha niisahihishe. Akasema wateja wanaipenda hivyo hivyo. Majuto ni mjukuu, nami namlea mpaka leo.

Na sasa mto Lualaba ukifurika, nawaona ninyi wachoraji vijana na brashi zenu, na simu zenu, mnawakimbilia akina mama walio majini hadi kiunoni. "Mama, lia kidogo!" Nimeyasikia kwa masikio yangu! Aibu gani hii? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama huyo mnayemtaka alie ameinua kitanda juu ya matofali, amefunga mtumbwi mlangoni, anapika sombe, majani yetu ya muhogo, juu ya meza. Hayo hamyaoni?

Mwanangu, kabla hujamchora mtu wa maafa, muulize alibeba nini, na anaishije leo. Picha aione yeye kwanza, mnunuzi baadaye. Akiikataa, ifute.

Mungu akupe mkono mwepesi na jicho lenye heshima; moto na maji vikija, vikukute una majirani.

Niandikie, hata kwa makosa kama yangu. Uniambie umemchora nani, na yeye alisema nini.