Sahani ya kuchangia ilipita mbele yangu

Leo ku matanga kijana moja ameandika jina yangu. Haikuwa juu ya kunisalimia.

Nilikuwa nimekaa kimya, mutoto ku mugongo, mwili yake inawaka moto. Franga ya kununua dawa yake nilikuwa nimeifunga mu kona ya kikwembe nilikuwa nimevaa.

Sahani ya kuchangia ikaanza kupita. Nilifikiri ni ya kusaidia wafiwa. Nikauliza kijana mwenye alikuwa anaipitisha.

« Hapana, mama. Ni ya siye vijana, tunalinda kartie, mutaa yetu hii. »

Kila mutu akatia. Mimi nikasema: « Ndugu yangu, leo sina. Mutoto iko mugonjwa. »

Hakukasirika. Alicheka tu. (Afazali angekasirika!)

« Hakuna shida, mama. Jina yako? Na nyumba iko wapi? »

Nikashika kona ya kikwembe. Jirani yangu mwenyewe, ule tunachota naye maji, akanijibia: « Ile ya mulango ya kijani. Bwana yake iko mbali, kule Aru, hatarudia mbio. »

Kijana akaandika. Watu wote wakaangalia chini.

Nikatoka, mbio mpaka ku farmasi. Sasa mutoto amekunywa dawa, jasho inamutoka, ameomba hata ndizi. Sijutii, wapendwa. Mungu iko.

Lakini tangu nirudi, wale vijana wamepita mbele ya mulango yangu mara mbili. Hawakusalimia.

Weye ungetoa? Uniambie kweli.

Na mukikuja kutuona, musigonge tu. Muite kwanza jina yangu, nijue ni nyinyi.