Chaki Kati ya Vidole Viwili

Tangu aache sigara, fundi cherehani hushika chaki kwa vidole viwili, mguu ukimchezacheza chini ya meza. Nesi alimweleza kwamba nikotini imeuzoesha vibaya ubongo wake. Homoni ya kumsaidia kuhimili misukosuko haiji tena kwa wakati. "Kumbe imelala, mwanangu," fundi alimwambia, "na mimi ndiye ninayekesha!" Leo bibi harusi amekuta gauni limembana, akamfokea mbele ya wateja. Fundi alipeleka chaki mdomoni, akafumba macho, akavuta kwa nguvu, kisha akapuliza juu moshi usiokuwepo. Alipofumbua macho, midomo ilikuwa myeupe pe. Bibi harusi akaokota kipande cha kitambaa, akampa ajifute. "Fumua taratibu, baba. Nitangoja."