Nafasi Moja ya Msaidizi wa Mganga

Marehemu baba yangu, Andrea, alinisimulia habari hii wiki tatu kabla Bwana hajamtwaa, akaniagiza niiandike bila kumpamba.

Mwaka 1911 alikuwa Matema, kwenye misheni ya kando ya Ziwa Nyasa, akisoma habari za mwili wa binadamu kwa mmisionari mmoja Mjerumani aliyekuwa mganga. Wanafunzi walikuwa wawili, yeye na Asajile, vijana wa kijiji kimoja upande wa Ipinda, waliobatizwa siku moja. Mmoja tu angechukuliwa kuwa msaidizi wa zahanati, na Baba aliitaka nafasi hiyo kuliko chakula. Ukutani ilitundikwa picha ya mtu aliyefunuliwa tumbo. Baba aliinakili kwa mkaa kwenye majani ya migomba, akakariri akitembea: ini kushoto, bandama kulia. Asajile hakukariri kitu. Akiulizwa, alijibu huku akipiga miayo, na alijibu sawa.

"Gwe Asajile, unasoma saa ngapi?"

"Wewe soma tu, Andrea. Karatasi haina haraka."

Maneno hayo yalimkaa Baba kooni kama mwiba wa samaki.

Siku moja akaletwa mama wa Kikisi, mfinyanzi wa vyungu, ana uvimbe chini ya mbavu za kushoto. Mganga akamwambia Baba aanze. Baba akabonyeza, akasema kwa sauti, "Ni ini, Bwana. Limevimba."

Asajile akacheka. "Yule wa ukutani si anakutazama? Kushoto kwa karatasi ndiko kulia kwake. Hiyo ni bandama."

Hata mgonjwa akacheka, ameshika ubavu.

Baba alijua Asajile alikojifunzia. Mtu akifa kijijini kwao, baba yake Asajile ndiye aliyeitwa ampasue tumbo kabla ya kuzikwa, ukoo ujue kama ameuawa kwa uchawi. Asajile alimshikia jani la kupokelea matumbo, na hata baada ya ubatizo, ingawa kanisa lilikataza, alikwenda tena safari moja. Jumapili hiyo Baba akamweleza mzee wa kanisa. Si kwa kulipenda kanisa, aliniambia, ila kwa wivu.

Asajile alipoulizwa hakukana. "Baba yangu alikuwa peke yake, nikamshikia." Akatengwa na meza ya Bwana, akaondolewa darasani, akarudi kulima mpunga. Baba akapewa koti jeupe.

Lakini watu wa kwao, kabla ya kushika njia ya Matema, walipita kwanza shambani kwa Asajile. Alinawa tope, akawabonyeza, wakafika zahanati wanajua wanachoumwa.

"Ugonile, bwana msaidizi. Asajile amesema ni figo. Nipe dawa tu, usinisumbue."

Kwa miaka mitano, mpaka Waingereza walipoingia mwaka 1916, Baba alibonyeza kila tumbo upya, akiomba moyoni akute Asajile amekosea.

"Hata mara moja tu," aliniambia. "Mungu hakunipa."