Kipengele cha Saba

Kwa miaka kumi na mmoja Wambeti alifua damu ya watu. Ndiyo iliyokuwa kazi yake katika hospitali ya kibinafsi ya Daktari Nthiga, nje kidogo ya mji wa Siakago. Alifua mashuka ya wodi ya akina mama, makoti ya chumba cha upasuaji, hata bandeji ambazo kwingine zingetupwa motoni. Alikuwa mjane wa miraba minne, na sauti yake akiwa dobini ilisikika hadi langoni. Watu walimwita Mama Ireri, kwa jina la kifungua mimba wake.

Dobi ilikuwa chumba cha kufulia cha mabati nyuma ya wodi, chenye masinki mawili ya saruji. Mlangoni, juu ya mafiga, lilikaa pipa la maji yaliyochemka kutwa. Mikono ilikuwa mitupu. Wauguzi waliochoka walisahau sindano ndani ya mashuka, na mwezi wa Machi mwaka wa 1996 sindano moja ilimzama kiganjani Eunice, mwanamke aliyefua pamoja na Wambeti. Shuka lile lilikuwa la mgonjwa aliyefariki asubuhi hiyo kwa ukimwi. Eunice aliketi sakafuni akakamua kiganja hadi kikawa cheupe, huku akitaja majina ya watoto wake mmoja mmoja. Ofisini walimpa pamba na spiriti, wakamwambia arudi kazini.

Mwezi huohuo karibu wote hospitalini walijiunga na chama cha wafanyakazi. Bundi, muuguzi mpole kutoka Kianjai, akachaguliwa katibu wa tawi. Wafagiaji, wapishi na wafuaji wakamchagua Wambeti awasemee, kwa kuwa hakuwa na woga wa mtu.

Mazungumzo ya mkataba yalianza Mei. Vipengele vilikuwa kumi na viwili, na kufikia Julai kumi na kimoja vilikuwa vimekubaliwa. Cha saba kikakwama. Kilisema kwamba kila anayeshika damu apewe glavu na gambuti, na kwamba anayeumia kazini atibiwe na hospitali yenyewe.

"Mama zetu walifua na mikono yao," Daktari Nthiga alisema, akimtazama Bundi kana kwamba Wambeti hayumo chumbani. "Leo mnataka glavu kama madaktari?"

Wambeti akafungua kopo la kakao alilokuja nalo, akamwaga juu ya karatasi za wakili wa hospitali sindano arobaini na tatu. "Hizi ni za mwezi mmoja, Daktari. Chukua moja ujidunge, tuone kama utalala usingizi."

Nthiga aliruka kitini, akaupiga teke mlango na kutoka. Mkutano ukavunjika. Chama kikatoa notisi ya mgomo, afisa wa leba wa serikali akaja kutoka Embu akaomba siku saba zaidi, siku saba zikaisha. Jumatatu iliyofuata wafanyakazi wakaketi kwenye nyasi nje ya lango wakiimba nyimbo za kanisa. Wauguzi wawili tu walibaki wodini kwa wagonjwa mahututi, na Wambeti aliwasha moto chini ya pipa lake kama kawaida kabla ya kwenda kuketi na wenzake. Alisema mama aliyejifungua jana hana ugomvi na mtu, na hawezi kulala juu ya damu yake.

Saa nne asubuhi lori lilikuja. Lilibeba wanaume wapatao ishirini, mashavu yamejaa miraa, wameshika marungu na vipande vya bomba la chuma. Hawakuuliza neno. Wa kwanza aliruka chini akampiga Bundi kichwani akiwa bado ameketi, na damu ikamrukia mpishi aliyekuwa kando yake. Wimbo ukageuka mayowe. Mzee wa kufagia alikanyagwa mbavu. Msichana wa maabara aliburutwa kwa nywele hadi kwenye mtaro, akapigwa mateke ya tumbo, na polisi wawili waliokuwa wameletwa kulinda amani wakageuza nyuso wakatazama barabara.

Wambeti alimshika Eunice mkono wakapita upenyo wa ua, wakakimbilia dobini pamoja na wanawake wengine wanne. Mlango haukuwa na komeo. Wanaume watatu waliwafuata. Wambeti alibaki nje, kando ya pipa, akachota ndoo ya maji yanayotokota.

"Msisogee!" alipiga kelele. "Nitawamwagia! Haki ya Mungu nitawamwagia!"

Aliyetangulia alicheka, akainua rungu. Wambeti akamwaga.

Mtu yule alitoa sauti ambayo Wambeti hakuwahi kuisikia hata kwenye wodi ya uzazi. Alianguka akajikunjakunja, akijaribu kulivua shati, na ngozi ya kifua ikaja pamoja na shati. "Mama Ireri!" alilia. "Ni mimi! Ni mimi, Mbogo!"

Alikuwa Mbogo kweli, mwanamume wa miaka thelathini, mtoto wa Igoki, rafiki yake Wambeti, mama aliyekaa naye benchi moja kanisani kila Jumapili. Wambeti alisimama na ndoo tupu. Hapo ndipo mmoja wa wenzake Mbogo alipompiga kwa bomba, na mkono wa kulia ukavunjika juu ya kiwiko kwa mlio kama wa kuni kavu. Hakulia. Alimwangukia yule mwanamume kwa uzito wake wote, akamng'ata sikio, akalishikilia kwa meno hadi wanawake wa ndani walipotoka na mbao za kufulia wakampiga akakimbia pamoja na yule wa tatu.

Lori lilipoondoka, waliolala chini walikuwa kumi na mmoja. Mbogo alikuwa wa kumi na mbili. Wafagiaji walitaka kummalizia palepale. Wambeti, mkono ukining'inia, alisimama juu yake akawatukana hadi wakarudi nyuma, kisha akamwita Eunice alete mashuka safi na maji baridi. Bundi, kichwa kikivuja damu hadi kwenye kola, ndiye aliyesafisha vidonda vya Mbogo. Maji yalikuwa yamemfika usoni pia, na jicho moja hakuweza kuliokoa.

Polisi hawakumkamata mtu yeyote wa lori. Walimkamata Wambeti. Alikaa siku mbili seli, na askari aliyemwandikisha maelezo alimzaba makofi kila alipotaja glavu.

Alipotolewa kwa dhamana alipelekwa moja kwa moja kwenye meza ya mazungumzo. Daktari Nthiga hakuwa na maneno mengi. Angetia sahihi kipengele cha saba, kesi ya kumchoma Mbogo ingeondolewa. Naye Wambeti angeacha kazi siku hiyohiyo, na wafanyakazi wasingeshtaki mtu kwa kupigwa.

"Hapana," Bundi alisema. Nyuzi za kushonea zilikuwa bado kichwani. "Mama, tusikubali. Tukatae, twende kortini."

"Msichana wa maabara yuko hai?" Wambeti aliuliza.

"Yuko hai. Walimtoa wengu."

Wambeti alivuta kiti karibu na meza. "Andika ya glavu kwanza," alimwambia wakili. "Ukimaliza, ndipo uandike jina langu." Alitia kidole gumba cha kushoto. Kisha akamtemea Daktari Nthiga mate usoni, akatoka.

Glavu zilifika mwezi wa Oktoba. Eunice alipimwa mara tatu akakutwa mzima. Wambeti alirudi shambani kwake kulima ndengu na mtama, na mkono wake ukaunga vibaya.

Igoki hakusema naye mwaka mzima. Siku moja ya soko alimkuta Wambeti ameketi kwenye gunia na ndengu zake, akasimama mbele yake.

"Nataka kujua kitu kimoja," Igoki alisema. "Ulimtambua mtoto wangu?"

Ingekuwa rahisi kusema hapana na kuishia hapo. "Sikumtambua," Wambeti alisema. "Lakini ningemtambua, Igoki, ningemwaga vilevile. Wanawake watano walikuwa nyuma yangu."

Igoki alimpiga kofi, kisha jingine, kisha akapiga teke debe la ndengu likamwagika kwenye vumbi. Watu wa soko walikimbilia kuwatenganisha, lakini Wambeti hakuwa ameinuka. Alingoja mpaka Igoki alipopotea kati ya vibanda, akapiga magoti, akaanza kuokota.