Sinia la Bibi na Ngumi za Mjomba

Juzi nilikuwa natafuta sufuria kabatini, nikakutana na sinia la bibi, lile la bati lililobonyea ukingoni. Nikakaa pale pale sakafuni nikacheka peke yangu. Ngoja nikusimulie, maana ukiambiwa kwamba mjomba wangu, mtoto wa Tanga, alikuwa mbabe wa hoki ya barafu hapa Durban, utadhani nakufunga kamba.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Tuliishi South Beach, ghorofa ya saba, lifti mbovu. Mjomba alikuwa anakodisha viatu vya vyuma vya kutelezea kwenye uwanja wa barafu, huku nje watu wanaoga baharini kwa joto. Akajifunza kuteleza wateja wakiadimika, na kwa vile alikuwa na kifua kama mlango, timu ya pale ikamchukua. Bao hakufunga hata moja. Kazi yake ilikuwa moja tu: mpinzani akiwaumiza wachezaji wetu wadogo wadogo, mjomba anamfuata, wote wawili wanavua glavu, wanatwangana mpaka mmoja adondoke, kisha kila mtu anakaa dakika tano kwenye kibanda cha adhabu. Aliipenda kazi ile kuliko kula.

Bibi hakujua. Alishaapa kwamba mwanawe akipigana, chochote kinachompiganisha atakiacha siku hiyo hiyo, na mjomba hakuwahi kumbishia mama yake. Akirudi jicho limevimba, alisema ameteleza. Mpaka jirani yetu Mkongo, msusi wa kule Point, akaropoka: "Mama, kijana yako iko anapiga watu kule kwa barafu."

Jumamosi iliyofuata bibi akajitanda kanga tatu, akanishika mkono, tukaenda. Ndani kulinuka soksi mbichi na chipsi za siki. Mjomba alikuwa keshavua glavu alipomwona mama yake. Akaduwaa, na Mzungu mmoja mwekundu kama nyanya akamtandika ngumi ya mdomo. Jino likaenda. Mjomba alipofika kibandani bibi alikuwa keshamtangulia, na mimi nalia, najua mjomba amekwisha.

"Huyo aliyekupiga, umeshakula naye?" bibi akauliza.

Ndivyo alivyotulea. Watoto mkipigana, mnakula sinia moja, ndipo mambo yanaisha.

"Kesho mlete. Asipokuja, viatu uvirudishe."

Jumapili pilau likaiva mapema. Saa saba ikapita, saa nane ikapita, mjomba yuko dirishani. Nilimwonea huruma. Halafu tukasikia mtu anahema ngazini. Mzungu akatokea na mfuko wa machenza, akaguna "eish" kwa uchovu wa ngazi, akavua viatu, akakaa mkekani. Alikula kwa mkono vibaya sana, punje kila mahali. Bibi akawa anamsogezea nyama.

Tangu hapo, kila aliyepigana na mjomba alikuja Jumapili. Timu zenyewe zilikuwa chache, bwana. Msimu wa tatu alikuwa keshakula na wababe wote. Wakikutana kwenye barafu wanavua glavu, wanatazamana, mmoja anauliza mama hajambo, wanaangua kicheko. Kocha akapandwa na hasira, akamtoa kwenye timu. Mjomba akaenda kufanya kazi kiwandani kule Jacobs, na mpaka leo sijui kama bibi alikuwa amepanga iwe hivyo. Nilimuuliza mara moja, akaniambia nikaoshe vyombo.

Ile nyumba wanaishi wengine sasa, na mjomba siku hizi anateleza bafuni tu. Lakini siku ya msiba wa bibi, tukiwa bado tunaishi kule juu, walikuja wote, wale wenye pua zilizopinda, wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Lifti ilikuwa bado mbovu. Wakaliteremsha jeneza ghorofa saba, wakipokezana mabega na mjomba. Yule Mzungu alikuwa amekuja na mfuko wa machenza kama kawaida yake, na hakujua ampe nani. Nikamletea sinia, akayapanga humo moja moja, kisha akawakimbilia wenzake ngazini.