Anayeanua nguo za waliohama bandarini

Saa moja asubuhi, Ijumaa, Rosette Nabintu anafunga kamba. Ncha moja kwenye nguzo ya uzio, nyingine kwenye mfereji wa paa. Kisha anaanza kutundika: shuka la mtoto, suruali tatu za jinzi, kitambaa cha meza kilichodariziwa maua, sare ya shule ya kimo cha mtoto wa darasa la pili. Kwenye mkondo wa meli, honi inalia. Hageuki.

Jambo la ajabu ni kwamba ndani ya jengo hilo kuna mashine kumi na nane za kufulia na kumi na nne za kukaushia, na zote ni nzima. Halafu nguo zenyewe ni kavu. Zilifuliwa zamani, nyingine mwaka jana. Wanaotafutwa ni wenye nguo.

Rosette, mwenye miaka 51, ni dobi katika duka la kufulia hapa Magnolia Park, mtaa wa bandari mashariki mwa Houston. Ameifanya kazi hii miaka minane, kwa dola kumi na tatu kwa saa. Anakaa Gulfton, na kufika hapa ni mabasi mawili na saa moja na nusu, foleni ikimhurumia.

"Nguo inasema kuliko mtu," anasema, huku akilitazama shati la mwandishi kwa jicho la kazi. "Wewe unakaa peke yako, na unakula mbele ya kompyuta."

Ni kweli tupu, basi tuyaache hayo.

Alipoanza, anasimulia, zilimjia ovaroli za wapakuaji wa meli, aproni za wapishi, na mashuka ya nyumba ambazo watu wanane walilala vyumba viwili. Leo nyumba moja ya mbao ikibomolewa, zinapanda tatu mahali pake, nyembamba, za ghorofa tatu, kila moja na mashine yake ndani. Wanaohamia humo humletea vitu viwili tu: mafarishi makubwa ya kujifunika, yasiyoingia kwenye mashine zao, na blanketi za mbwa.

"Za mbwa, ndugu yangu!" Anapiga makofi. "Mbwa iko na ya baridi na ya joto. Mimi nilipofika Amerika nilikuwa na moja!"

Wale wa zamani huondoka haraka. Kodi inapanda, barua inakuja, wiki mbili baadaye familia iko kwa binamu upande mwingine wa jiji. Nguo zinabaki kwenye rafu ya Rosette. Tangazo ukutani linasema kila kisichochukuliwa kwa siku thelathini kinatupwa. Rosette hajatupa hata soksi. Alikuwa na mafurushi kumi na moja.

Kwa nini? Anashangaa kuulizwa.

"Kwetu Kamanyola, kule Kongo, mvua ikianza na jirani hayuko, unaanua nguo zake. Hauulize. Unakunja, unaweka. Akirudi anabisha hodi, unamupa. Hawa pia mvua iliwakuta, ndio vile tu."

Tatizo ni kesho. Jengo limeuzwa, na Sospeter, Mtanzania anayeliendesha duka hili, anakabidhi funguo Jumamosi saa sita mchana. Pipa kubwa la taka limeshaletwa nyuma. Chochote kitakachobaki kinaingia humo.

"Mama Merveille, nisamehe," alimwambia Rosette. "Na mimi ni mpangaji tu kama wao."

Rosette alipiga namba zote zilizoandikwa kwenye mafurushi. Hakuna iliyopatikana. Ndipo Jumatano akanunua kamba, azitundike nje wenye nguo wazione. Bintiye, Merveille, alimwonya kwa Kiingereza kwamba watu wataita manispaa. Waliita kweli. Ofisa alikuja, akauliza bei ya nguo, akaambiwa haziuzwi, akaondoka akijikuna kichwa.

Saa chache baadaye, Doña Chelo, bibi aliyeishi mtaa huu miaka arobaini, aliiona ovaroli ya bluu kupitia dirisha la basi. Akashuka kituo kilichofuata, akarudi kwa miguu. Ilikuwa ya mumewe, mpakuaji wa meli, aliyefariki Februari.

"Alinusa kola," anasema Rosette. "Haikunuka kitu. Mimi niliifua. Nililia, nikamwambia pardon, mama, ningejua nisingeifua."

Doña Chelo aliwapigia simu wenzake waliohama. Kufikia jana jioni mafurushi saba yalikuwa yameondoka. Yamebaki manne.

Saa tisa alasiri mvua ya Houston inamwagika bila hata kuguna. Rosette yuko ndani, mikono kwenye mashine. "Mungu wangu!" Anakimbia, mwandishi nyuma yake. Mlangoni wanagongana na kijana aliyelowa chepechepe, amekumbatia nguo zote kifuani, mbwa akimfuata. Ni Jordan, mkazi wa zile nyumba nyembamba ng'ambo ya barabara. Ameona mvua, anasema, na hakuona mtu.

Rosette anazipokea, anazitazama zilivyovurugwa, kisha anacheka mpaka anaegemea mashine.

"Kukunja hajui kabisa! Lakini aliyemufundisha kuanua ni nani?"

Kabla hajaondoka, Jordan anakubali kubandika namba ya simu ya Rosette kwenye dirisha lake, ili mwenye nguo akija aione. Rosette anaanza kazi Jumatatu kwenye chumba cha kufulia cha hospitali moja. Mafurushi manne yatapanda naye mabasi mawili hadi Gulfton.

Ana mpango mwingine, wa siku ambayo njia ya Kamanyola itakuwa salama. Asubuhi waliyokimbia vita, Merveille akiwa mgongoni, aliacha nguo kwenye kamba: kitenge cha harusi na vijishati vya mtoto.

"Na ile siku mvua ilinyesha," anasema, akiipanga sare ya shule upya. "Kwa hiyo najua ziko kwa mtu. Nitaenda mlango kwa mlango, nitabisha hodi. Nitasema: Jirani, ni mimi. Nimerudia nguo zangu."